Kuiona RNA ikiwa safarini

RNA haina rangi. Iweke seli hai chini ya hadubini bora kabisa, na maelfu ya RNA zinazobeba maagizo ya jeni zitapita usione hata moja. Kwa muda mrefu ilibidi seli iuawe kwanza, ihifadhiwe kwa dawa, kisha itiwe rangi. Ulijua RNA ilikuwa wapi, hukujua ilikuwa ikienda wapi.

Mwaka 1998 maabara ya Robert Singer, New York, iliifuata RNA ikiwa mwendoni ndani ya hamira, hii hii ya kuumulia mikate. RNA ya majaribio, iliyopewa mkia wa RNA ya jeni iitwayo ASH1, ilipachikwa vipande vinavyoifanya ijikunje vifundo. Vifundo hivyo asili yake ni MS2, kirusi cha bakteria, ambacho kina protini inayoving'ang'ania. Protini hiyo nayo ikaunganishwa na ile ya kijani ya yavuyavu, inayong'aa ikimulikwa kwa mwanga wa bluu.

Uhodari wenyewe uko hapa. Protini isiyoshika RNA hung'aa vilevile, na katika seli iliyojaa kijani, kuitafuta RNA ni kutafuta kimulimuli mchana. Basi waliipa protini alama ya kuipeleka kwenye kiini. Iliyokosa RNA ikaingia huko, nje kukawa giza, na nukta ya kijani ikaonekana ikitoka kwa seli mama hadi ncha ya chipukizi, yaani seli binti. Huko protini ya Ash1, inayotengenezwa kutokana na RNA halisi ya ASH1, humzuia binti kubadili aina yake ya kupandana, jambo ambalo mama huliweza.

Mwaka 2011 kikundi cha Samie Jaffrey, New York pia, kilileta Spinach: kipande cha RNA kinachoshika kemikali ndogo na kuifanya ing'ae. Protini haihitajiki, ila kipande kisipojikunja sawasawa, mwanga haupo.

Video hizi zinapendeza, lakini zitazamwe kwa makini. RNA yenye vifundo 24, kila kimoja na protini mbili, hubeba mzigo unaoweza kuwa mzito kuliko RNA yenyewe. Tena katika hamira ilibainika kuwa vifundo vilivyoshikwa sana huchelewa kubomolewa: RNA imeshakatwakatwa, mabaki yake bado yanang'aa, na mtazamaji anahesabu RNA ambayo haipo. Ndiyo maana mwaka 2018 maabara ya Singer ilitoa vifundo vipya vinavyoshikwa kwa ulegevu zaidi, ili RNA ikimaliza kazi ibomolewe kwa wakati wake.