Gumbo: Daraja la vita lililobeba biashara

UKITOKA Nimule na shehena yako, kilomita 192 za lami iliyofunguliwa Septemba 2012 kwa fedha za Marekani, Gumbo ndipo unapokutana na Mto Nile. Juba iko ng'ambo. Tangu miaka ya 1970 hadi 2022, lori la unga au saruji kutoka Uganda lilikuwa na njia moja tu ya kuvuka hapo: daraja la chuma la aina ya Bailey.

Daraja hilo lina asili ya jeshini. Mwingereza Donald Bailey alilibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili askari wavuke mto bila kreni. Kipande kimoja kina urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanakibeba. Vipande huungwa kwa pini ukingoni, kisha daraja zima husukumwa hadi ng'ambo. Kilichochakaa hung'olewa, kikawekwa kingine. Kwa nchi isiyo na viwanda, hiyo si faida ndogo.

Tatizo ni uzito. Chuma kilichochoka hakipendi malori yaliyojazwa kupita kiasi, na nyanya hazingoji.

Wanajeshi wahandisi wa Japani walitengeneza barabara Juba chini ya Umoja wa Mataifa hadi 2017. Daraja la Uhuru la mita 560, msaada wa Japani, lilijengwa na raia. Kazi ilianza 2013, ikakatizwa na mapigano ya Desemba mwaka huo na ya Julai 2016. Malori yalisubiri hadi Mei 19, 2022.