Mbwa na Paka Watapikapo

Mbwa na paka wamekaa na watu tangu kale. Mbwa hulinda nyumba na mifugo, na paka huwinda panya walao nafaka ghalani. Lakini wanyama hawa hawawezi kusema, "Tumbo laniuma." Kwa hiyo mwenye kuwafuga hana budi kuzitambua dalili zao kwa macho. Ugonjwa mmoja uwapatao mara nyingi ni kutapika kwa ghafula, kwa sababu ngozi ya ndani ya tumbo imevimba.

Tumbo ni mfuko wa nyama upokeao chakula. Ndani yake hutoka maji makali, yawezayo kuyeyusha nyama na hata vipande vidogo vya mifupa. Maji hayo yangeliunguza tumbo lenyewe, ila ngozi yake ya ndani imefunikwa na ute mzito, nao ni kama ngao. Chakula kilichooza, mifupa yenye ncha, au sumu huiharibu ngao hiyo. Hapo maji makali huifikia ngozi, nayo huwa nyekundu, huvimba na kuuma. Habari hufika katika ubongo, na misuli ya tumbo hukazana, ikakisukuma chakula juu mpaka kitoke kinywani. Basi kutapika ni njia ya mwili ya kufukuza kitu kibaya.

Siku ya arusi mabaki ya chakula hutupwa nyuma ya jiko. Mbwa hula mafuta, mifupa na wali uliochacha mpaka ashibe kupita kiasi. Usiku huanza kujilamba midomo, humeza mate, na kwenda huku na huku asitulie. Kisha tumbo lake hukazana mara kadha wa kadha, akatapika. Kwanza hutoka chakula, baadaye povu jeupe au maji ya manjano, ndiyo nyongo. Asubuhi mwenyewe humwonea huruma, akampa sahani ya nyama na maziwa ili apate nguvu. Mbwa hula kwa pupa, akatapika tena kuliko kwanza. Huruma ile ilikuwa njema, lakini haikuwa na maarifa. Maana tumbo lililoumia lataka kupumzika, kama vile mguu ulioteguka.

Mbwa mzima, aliyetapika mara moja au mbili tu, na ambaye bado ana nguvu, yafaa anyimwe chakula kwa muda wa saa kama 12. Maji asinyimwe, lakini apewe kidogo kidogo, mara nyingi. Akinywa bakuli zima kwa mara moja atayatapika. Asipotapika tena, apewe wali laini uliochanganywa na nyama ya kuku iliyochemshwa, isiyo na mafuta, mifupa, chumvi wala viungo. Apewe kiasi kidogo mara nne au tano kwa siku, kisha arudishwe katika chakula chake cha kila siku polepole. Kwa desturi hupona katika siku moja au mbili. Lakini watoto wa mbwa na wa paka wasifungishwe hivyo, kwa kuwa nguvu zao huisha upesi. Paka naye asiachwe siku nyingi bila kula, maana ini lake laweza kuharibika.

Si kila kutapika huponywa kwa kupumzisha tumbo. Ziko dalili zinazotaka msaada wa daktari wa wanyama bila kukawia. Mnyama akitapika damu, au kitu cheusi kama unga wa kahawa. Akitapika hata maji. Akizidi siku moja bila nafuu. Au akilegea asiweze kusimama, yumo hatarini. Ngozi ya mabegani ikivutwa juu kidogo kwa vidole, hurudi mahali pake mara moja. Ikikawia kurudi, huenda mwili umepungukiwa na maji. Mbwa mkubwa ambaye tumbo lake limejaa kama ngoma, naye ajaribu kutapika asitoe kitu, pengine tumbo lake limejisokota, naye aweza kufa katika saa chache. Mtoto wa mbwa atapikaye na kuharisha damu huenda ana parvo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1978, nao huua wengi wasiochanjwa. Tena paka hupenda kuchezea uzi na kuumeza. Uzi ukionekana unaning'inia kinywani au nyuma, usivutwe kamwe, maana waweza kuyakata matumbo.

Tena mtu asitie mkono katika kinywa cha mbwa atokwaye na mate mengi na kushindwa kumeza, hata akidhani kuwa amekwamwa na mfupa. Hizo zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo huua watu pia.

Yako makosa mengine yafanywayo kwa nia njema. Watu wengine humpa mnyama dawa zao wenyewe. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuiondoa sumu yake. Asprini na ibuprofeni huzidi kuliumiza tumbo. Wengine, wakidhani mnyama amekula sumu, humtilia kinywani mafuta, maziwa, au maji ya chumvi. Mafuta huweza kuingia katika mapafu, na chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Afadhali apelekwe kwa daktari upesi, pamoja na karatasi au chupa ya kitu alichokula, ili ijulikane ni sumu gani.

Kuzuia ugonjwa huu si kazi ngumu. Takataka zifunikwe au zizikwe. Sumu ya panya iwekwe mahali wasipoweza kufika. Mbwa asipewe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika ikawa na ncha kali. Wala yeye na paka wasipewe chakula chenye vitunguu. Wapewe dawa ya minyoo na chanjo kwa wakati wake, na maji safi kila siku.

Mara nyingi mtoto wa nyumbani ndiye wa kwanza kumwona mnyama akitapika. Akitazama ni kitu gani kimetoka, na ni mara ngapi, kisha akawaambia wakubwa mara moja, habari hizo zitamsaidia daktari sana. Mnyama hawezi kueleza maumivu yake. Ni juu ya amtunzaye kueleza badala yake.

Maswali
1. Ni kitu gani kilindacho ngozi ya ndani ya tumbo?
2. Kwa nini si vema kumpa nyama na maziwa mbwa aliyetoka kutapika?
3. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba mnyama apelekwe kwa daktari upesi.