Taa Zikishawaka Ziwani

Watoto, simameni Kalundu, hapa Uvira, usiku usio na mwezi, mtazame upande wa Burundi. Taa zimetapakaa katika Ziwa Tanganyika. Chini ya kila taa kuna wavu. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, ndagala, wale dagaa wadogo, huvifuata vijidudu, na mukeke, samaki wakubwa kuliko hao, huwafuata ndagala. Wavuvi husubiri, kisha huinua wavu.

Mababu zetu walikwenda na moto wa kuni au matete kwenye mtumbwi, wakachota samaki kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Moto ule ulimulika maji kidogo tu. Miaka ya 1950 zikaja karabai, zile taa za kupampu, pamoja na mitumbwi iliyounganishwa kwa miti ili kubeba wavu mpana. Siku hizi ni balbu za betri, nyingine zikichajiwa kwa jua.

Taa ilileta samaki wengi, hilo hamna anayebisha. Lakini ilimgeuza pia mvuvi. Mwenye taa moja akiona jirani ana tano, naye atatafuta tano. Si uroho: ndagala huvutwa na mwanga ulio mkali zaidi, na mwenye mwanga hafifu hurudi mikono mitupu, nyumbani hakuna cha kuanika wala pesa ya shule. Watu hupenda kusema kwamba chombo hakina neno, neno ni la anayekishika. Mimi sikubali. Wa kwanza kununua taa alichagua. Ziwa zima lilipowaka, waliobaki hawakuwa na la kuchagua.

Mwezi peke yake ndio uliobaki na nguvu kuishinda taa. Ukiwa mpevu, maji yote huwa na mwanga, ndagala hutawanyika, wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na ziwa hupumua. Lakini kwa wingi wa taa na nyavu za leo, mapumziko hayo hayatoshi tena. Ndiyo maana nchi zinazolizunguka ziwa zimeanza kukubaliana kulifunga kwa muda. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi humo tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kesho mtaletewa vyombo vingine, simu na mashine ambazo mimi sitaziona. Vipokeeni, ila mwulizeni kwanza aliyevileta: yule asiyevitaka, au asiyeweza kuvinunua, ataishije hapa Uvira?