Nzige Huonekana Kwanza Mbali

Mwisho wa Desemba 2019 makundi ya nzige yaliingia Kenya kwa upande wa Mandera, na kwa muda wa miaka 70 nchi haikuwa imepata pigo la nzige kama hilo. Watu wengi walidhani ya kwamba adui huyo alitokea ghafula. Lakini safari yake ilikuwa imeanza miezi 19 kabla.

Mei 2018 tufani iitwayo Mekunu ilileta mvua katika Rub al-Khali, jangwa kubwa la mchanga la Bara Arabu, hata maji yakatanda kama maziwa kati ya vilima vya mchanga. Oktoba ikafuata tufani nyingine, Luban. Nzige hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, na mvua hizo zilimpa mchanga huo pamoja na majani mabichi ya watoto wake. Vizazi vitatu vilizaliwa huko pasipo kuonekana. Kisha nzige wakafika Yemen, ambako vita viliwazuia watu kuwapiga dawa, na katika 2019 wakavuka bahari hadi Somalia na Ethiopia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina ofisi huko Roma ambayo kila mwezi hutoa taarifa ya nzige. Setilaiti huionyesha mahali mvua iliponyesha na majani yalipoota, lakini nzige mwenyewe hazimwonyeshi. Lazima mtu aende akatazame.

Tena aende mapema. Tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, hukaa chini kwa muda upatao mwezi mmoja, na hapo ni rahisi kuwaua. Wakisharuka, huweza kwenda kilomita 150 kwa siku, na kundi lenye eneo la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mapema 2020 kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki ya Kenya lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa 40!

Kwa hiyo mfugaji akutanapo na tunutu humpasha Chifu habari mara moja, akitaja mahali penyewe, siku, na rangi yao. Wa kijani walio mmoja mmoja si hatari sana. Weusi wenye manjano waendao kwa makundi ndio wa kuogopwa. Naye aliyetazama asione kitu huandika vivyo hivyo, maana kimya cha Rub al-Khali katika 2018 kilitokana na kukosa watazamaji.