Injini Iliyochoka na Amana ya Abiria

Ni nadra nyumba ya Pwani isiyo na mume, mwana au ndugu aliye juu ya usukani. Mzigo utokao bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Juba kwa kawaida hupitia Malaba au Busia, miji miwili ya mpakani katika Kaunti ya Busia. Malori hupanga foleni hapo, na injini iliyoficha ugonjwa wake tangu Mariakani hufichua siri hapo hapo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, huzuia lililozidi miaka 15. Lakini sheria hizo hutazama siku ya kuingia tu. Likishaingia, gari huzeekea mikononi mwetu, na mafundi wa mpakani wamejifunza kulirefushia maisha.

Tuanze na dalili. Ringi za pistoni na kuta za silinda zikilika, oili hupenya penye moto na gari hutoa moshi wa buluu. Moshi mweupe usiokoma hali injini imeshapata joto huashiria maji yanayoingia ndani. Ule mweusi ni dalili ya dizeli au petroli iliyozidi hewa.

Dawa ipendwayo kwa moshi wa buluu ni oili nzito, namba 50 badala ya 30. Moshi hupungua na makelele hutulia, lakini ringi hubaki zilivyo, na asubuhi, injini ikiwa baridi, oili hiyo huchelewa kufika juu.

Mpira wa rejeta ukipasuka, hufungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa barabara. Hilo si ajabu katika mpaka ulioipa Afrika Mashariki bodaboda, zilipoanza kama baiskeli za kuvusha watu. Tangi likivuja, ufa husuguliwa kipande cha sabuni, kwa kuwa sabuni haiyeyuki upesi katika petroli. Hizo ni hila za kumfikisha msafiri gereji, nazo hazina lawama, mradi moto uwekwe mbali.

Zipo nyingine za kuogopwa. Ute wa yai au pilipili manga katika rejeta huziba tundu dogo, kisha huziba na mirija myembamba ya kupoozea. Kung'oa temostati hupunguza joto leo, lakini injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kulika upesi.

Kwa nini tulizungumze katika gazeti la familia? Kwa sababu injini haibebi chuma peke yake. Nguvu inayosaidia breki na usukani hutokana nayo. Ikizimika mteremkoni, dereva hubaki akipambana na gari zito kwa misuli yake. Abiria aliyelipa nauli amekabidhi roho yake. Hiyo ni amana, na tawakali haiondoi wajibu wa kumfunga ngamia kwanza.

Uzito huzidi siku ya kuuza. Kumwaga oili nzito asubuhi ili mnunuzi asione moshi jioni ni ghushi iliyo wazi. Sote twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akaukuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Gari lililopakwa dawa halina tofauti na rundo lile. Fiqhi humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa aliyofichwa aibu yake. Basi muuzaji na aseme ringi zimekwisha, bei ishuke, na baraka ibaki.

Tunawanasihi madereva wapime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, waandike kiasi wanachoongeza, na kila safari watenge fungu la kuifungua injini na kubadilisha ringi. Oili inayoongezwa ikizidi safari hadi safari, muda wa viraka umekwisha. Nanyi mliobaki nyumbani, msafiri akipiga simu kutoka Malaba, msiulize mzigo umefika tu; ulizeni na hali ya gari.

Allah awarudishe wasafiri wetu salama. Amin.