KUTULIZA SI KUPONYA

Waingereza wana maneno mengi ya kupunguza mateso, na kila moja lina kazi yake. Lakini yaingiapo katika Kiswahili chetu, mara nyingi yote hutiwa kapu moja: "kusaidia". Twaona kuwa jambo hili si dogo, kwani mgonjwa hujipa moyo au hukata tamaa kwa neno aliloambiwa.

Tulitazame neno "alleviate". Asili yake ni Kilatini, nayo ni kuufanya mzigo uwe mwepesi. Mtu wa Bangwe, pale Kigoma, hahitaji kamusi ili alielewe. Mchukuzi atokaye ufukweni na gunia la dagaa, akipunguziwa debe moja, safari yake haikwisha, ila shingo imepata nafuu. "Relieve" ni ndugu wa neno hilo, lakini hufika mbali zaidi: huweza kuwa hata kumtua mtu mzigo wote, au kumpokea mlinzi zamu yake. "Palliate" latokana na joho: maradhi yamo, ila mgonjwa amesitiriwa na makali yake. Na "cure" ndiko kuponya hasa.

Kiswahili nacho si maskini. Tunako kupunguza, kupoza, kuliwaza, kufariji na kutuliza, ambako ni jamaa ya kutua. Haja yetu ni kuyatumia mahali pake.

Mwezi wa Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha mwambao kaskazini ya Kigoma. Kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa ikiwachukua watu kwa mafungu kuwaleta Kigoma mjini. Kwa Kiingereza, blanketi na maji yenye chumvi na sukari yote huweza kuitwa "relief". Kumbe blanketi humtuliza mwenye baridi, lakini maji yale humwokoa mwenye kipindupindu, kwa kuwa maradhi hayo huua kwa kuukausha mwili. Mama akiambiwa kuwa maji hayo ni "msaada" tu, aweza kuyadharau, akangoja sindano hali mtoto anamfia mikononi.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mgonjwa wa saratani apewapo mofini, maumivu hupungua, uvimbe ubaki. Jamaa wakiambiwa "amepata nafuu", hudhani anapona. Wakiambiwa "hakuna dawa", humrudisha nyumbani akalie usiku kucha. Kauli zote mbili zapotosha. Nchini Uganda, tangu 1993, shirika la Hospice Africa lililoasisiwa na Dk. Anne Merriman limeonyesha kuwa mofini ya maji yaweza kunywewa nyumbani, na mgonjwa akalala usingizi. Kazi ya namna hiyo hapa kwetu huitwa tiba shufaa. Jina ni zuri, lakini wengi hawajalijua.

Basi twawaomba waganga, wauguzi, wakalimani na watangazaji waseme wazi: "Ugonjwa huu hatuwezi kuuondoa, lakini maumivu twaweza kuyatuliza." Nao wenye wagonjwa wasione haya kuuliza: dawa hii yaponya, au yatuliza? Aliyetuliwa mzigo nusu ya njia bado ana safari, lakini hakuna mwenye haki ya kumwambia aubebe mzima kwa sababu tu nyumbani ni mbali.