Ardhi Inayotetemeka Chini ya Gertie

Mwaka 1914 Winsor McCay, mchoraji wa magazeti wa Marekani, alisimama jukwaani kando ya pazia la sinema, mjeledi mkononi, akamwamuru dinosaria aitwaye Gertie ainame na kuinua mguu. Alipokaripiwa, Gertie alilia. Filamu hiyo fupi ilihitaji maelfu ya michoro, na kila karatasi ilichorwa upya yote: mnyama, miamba, hata ziwa. Mandhari yalinakiliwa na msaidizi wake kijana, John Fitzsimmons. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia mstari uleule mara elfu pasipo kuteleza, ndiyo maana mawe yaliyopaswa kutulia yanatetemeka. Nashikilia kwamba uzuri wa katuni za mwanzo umo katika mtetemo huo, nao umeadimika kuliko nakala zenyewe. Nakala nyingi za enzi ile ziliangamia kwa kuwa filamu ya nitrati huoza na kushika moto upesi. Mbinu ya kuchora kila kitu upya ilitoweka kwa sababu nyingine: mwishoni mwa mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya kutumia karatasi angavu za seluloidi. Mandhari yakachorwa mara moja tu, mhusika akawekwa juu yake, ardhi ikatulia.

Wapo watakaosema mtetemo huo ni udhaifu wa ufundi tu, na hoja yao ina uzito. McCay mwenyewe alitia alama kwenye pembe za karatasi ili michoro ilingane, na katika filamu yake ya 1918 kuhusu kuzama kwa meli ya Lusitania alitumia seluloidi, akapata ukuu ambao Gertie hana. Lakini lengo lake kwa Gertie lilikuwa kuwaaminisha watazamaji kwamba mchoro unaishi; hata akiwa amesimama tu, mnyama yule anapumua. Kwa kuwa mawe nayo hayatulii, haonekani kama aliyebandikwa juu ya picha. Katika katuni nyingi za seluloidi za bei rahisi, jicho hubaini mapema kipi kitasogea na kipi ni pambo.

Kwa hiyo wanaokarabati filamu hizi kwa kompyuta wawe waangalifu. Mikwaruzo na vumbi viondolewe, vilikuja baadaye. Picha nzima ikirukaruka kwa pamoja, hiyo ni hitilafu ya filamu au mashine, itulizwe. Ila kila mstari ukicheza peke yake, hapo ni mkono wa mchoraji, na usiguswe.